Nani Alilipia Shule: Watoto wa Jamii Ndogo na Wahamaji Katika Mwambao wa Kisumu

Reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa Ziwa Viktoria Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence na ambapo baadaye pakajulikana kwa jina la Kisumu. Wakati huo nchi yote ya pale ilikuwa bado Jimbo la Mashariki la Uganda. Ilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902. Waluo walikuwa wenyeji. Reli ikaleta Wahindi, wengine mafundi na makarani, wengine wafanyabiashara waliofungua maduka karibu na bandari, na wachache wakapewa mashamba Kibos. Jeshi likaleta Wanubi, wazao wa askari wa Sudan waliochukuliwa na Waingereza kutoka mabaki ya kikosi cha Emin Pasha mwaka 1891. Kusini, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, visiwa vya Rusinga na Mfangano vilikaliwa na Wasuba, ambao mababu zao walivuka ziwa kutoka pande za Uganda. Na pembeni mwa wote hawa walikuwapo wavuvi waliofuata samaki kutoka ufuo mmoja hadi mwingine. Kila jamii ilikuwa na watoto, na swali la nani alipie masomo yao lilipata jibu tofauti kwa kila moja.

Serikali ya kikoloni ilijibu kwa kugawa elimu kwa rangi. Ripoti ya Profesa Nelson Fraser ya 1909 na kuundwa kwa Idara ya Elimu mwaka 1911 vilithibitisha mifumo mitatu: shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila mmoja na hesabu yake ya fedha. Mtoto wa Kizungu alitengewa fedha nyingi kuliko wote, wa Kihindi akamfuata kwa mbali, na Mwafrika akawa wa mwisho. Walioutetea mpangilio huo walisema kila jamii ipate kadiri ya kodi inayolipa. Hoja hiyo haikusimama, kwa maana kodi ya kibanda iliyotozwa Kavirondo, kama Nyanza ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa nguzo kubwa ya mapato ya serikali, na sehemu ndogo sana yake ilirudi darasani.

Wahindi wa Kisumu walikuwa wachache, lakini walijua kujipanga. Mahali ruzuku ya serikali ilipopungua, jumuiya zao zilichangishana: Waarya Samaj, Waismailia, Wasikh, Waoshwal na Waislamu wa madhehebu mengine walijenga madarasa, wakaajiri walimu, mara nyingine kutoka Bara Hindi. Majina ya Arya na M.M. Shah bado yapo kwenye shule za msingi za mji huo. Huu ndio mfano wa kwanza ulio wazi katika mwambao wa jamii ndogo iliyofaulu kusomesha watoto wake, na sababu ya kufaulu kwake ni rahisi kuiona: ilikuwa na biashara ya kutozea mchango, na ilikuwa na nafasi katika hesabu ya serikali. Jamii nyingine ndogo hazikuwa na chochote kati ya hivyo viwili.

Kwa Waafrika, shule ilikuja na misheni. Waanglikana wa Church Missionary Society (CMS) walianzisha shule ya Maseno mwaka 1906 chini ya J.J. Willis, mwaka huohuo Waadventista wakiongozwa na Arthur Carscallen walitua Gendia, kusini mwa ghuba, na Wakatoliki wa Mill Hill walikuwa wamekwisha kuingia Kisumu. Serikali iliona nafuu kuwapa wamisionari ruzuku kuliko kujenga shule zake, na kuanzia miaka ya 1920 utaratibu huo ukawekewa sheria: shule iliyokaguliwa na kukubaliwa ilipata fedha, isiyokubaliwa ilijitegemea. John Owalo, aliyeanzisha Kanisa la Nomiya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alitaka shule zisizo chini ya Mzungu, na wafuasi wake wakazijenga kwa mikono na fedha zao. Ruzuku ilikuwa na masharti, na aliyekataa masharti alilipa mara mbili: kodi kwa serikali na mchango kwa shule yake.

Mabaraza ya Wenyeji yaliyoundwa katikati ya miaka ya 1920 yalileta chanzo kipya. Mabaraza ya Kavirondo ya Kati na ya Kusini yalitoza ushuru wao wenyewe na kutenga sehemu yake kwa ajili ya elimu, tena kwa shauku iliyowashangaza maofisa wa wilaya. Malalamiko yaliyotolewa na chama cha Piny Owacho kuanzia 1921 yalikuwa yamekwisha kudai shule ya serikali katika Nyanza. Fedha za baraza zilikuwa za hifadhi, yaani ardhi iliyotengewa kabila fulani, na ziliamuliwa na wazee waliotoka katika hifadhi hiyo. Kwa Mluo wa Seme au Alego mpango huu ulikuwa hatua kubwa mbele. Kwa asiyekuwa na hifadhi, ulikuwa mlango uliofungwa.

Hapo ndipo Wanubi walipokwama. Serikali iliwahesabu kuwa wenyeji walipotakiwa kulipa kodi ya Mwafrika, lakini haikuwapa hifadhi kama makabila mengine, kwa kuwa asili yao ilikuwa Sudan. Wakaishi Kibos, kwenye ardhi waliyoruhusiwa tu kuikalia, bila hati. Hawakuwa na baraza la kutenga ushuru kwa ajili ya shule yao. Na kwa kuwa shule zilizopata ruzuku zilikuwa karibu zote za misheni za Kikristo, mzazi Mwislamu alilazimika kuchagua kati ya darasa lililoambatana na ubatizo na chuo cha Kurani ambacho serikali haikukitambua kuwa shule. Wengi walichagua chuo. Pengo la elimu lililotokana na hapo mara nyingi limeelezwa kana kwamba lilitokana na dini au desturi yao. Chanzo chake hasa ni jinsi fedha zilivyogawanywa.

Wasuba walipotea kwa njia nyingine. Walikuwa na ardhi na walikuwa na shule, lakini lugha ya shule haikuwa yao. Wamisionari wa Gendia na Maseno walichapa vitabu kwa Dholuo. Agano Jipya la Dholuo lilikamilika mwaka 1926 na Biblia nzima mwaka 1953. Mtoto wa Mfangano aliyesema Olusuba nyumbani alijifunza kusoma kwa Dholuo, akasali kwa Dholuo, akafanya mtihani wa kwanza kwa Dholuo kabla ya kukutana na Kiingereza. Serikali nayo ilimwandika kuwa Mluo. Hakuna ofisa aliyetoa amri ya kuua lugha hiyo, wala hapakuwa na haja ya amri: kitabu cha shule ni gharama, na hakuna aliyeona sababu ya kulipia kitabu cha lugha ya watu wachache wanaoweza kufundishwa kwa lugha ya jirani. Ndani ya vizazi vitatu, familia nyingi za Rusinga na Gwassi hazikuwa na mtoto anayeisema. Tom Mboya, ambaye ukoo wake ni wa Rusinga na asili yake ni ya Kisuba, alijulikana ulimwenguni kama kiongozi Mluo. Na ni Mboya huyo aliyefanya kazi kubwa ya kutafuta fedha za masomo kuliko Mkenya yeyote wa kizazi chake: safari za ndege za wanafunzi kwenda Marekani zilizoanza mwaka 1959 na abiria 81 zililipiwa na michango ya Wamarekani, na mwaka 1960 familia ya Kennedy ikaongeza dola 100,000. Fedha hizo zilifuata kipaji cha mwanafunzi mmoja mmoja. Hazikukusudiwa kuinua jamii ndogo, na zilifika tu kwa vijana waliokuwa wamekwisha kumaliza sekondari, jambo lililokuwa adimu visiwani.

Uhuru ulifuta mifumo ya rangi. Tume ya Elimu iliyoongozwa na mwanajiografia Simeon Ominde, mwana wa Nyanza, ilitoa sehemu ya kwanza ya ripoti yake Desemba 1964 na kupendekeza mfumo mmoja wa taifa. Shule za Kihindi za Kisumu zikawafungulia milango Waafrika walioweza kulipa karo. Neno la mwisho hilo lina uzito wake: ubaguzi wa rangi ulikoma katika sheria, lakini shule zilizokuwa na majengo mazuri ziliendelea kutoza karo ya juu, na mtoto wa vitongoji maskini vya Nyalenda au Manyatta aliendelea kuyaona madarasa hayo kutoka nje ya uzio.

Wahindi wengi wa Kisumu waliondoka nchini kuanzia 1967, sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara zilipowabana wasiokuwa raia. Wengi wao walikwenda Uingereza, na huko watoto wao walikutana na jibu jingine kwa swali lilelile. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Uingereza ya 1966, kifungu cha 11, iliruhusu serikali kuu kuzilipa halmashauri sehemu kubwa ya mishahara ya walimu wa ziada walioajiriwa kuwasaidia wahamiaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola. Mtoto aliyezaliwa Kisumu akaingia darasani Leicester angeweza kupata mwalimu wa ziada wa Kiingereza kwa fedha hizo. Mwaka 1967 ripoti ya Plowden iliwataja watoto wa Gypsy, wanaoishi kwa kuhamahama, kuwa huenda ndio waliokosa elimu kuliko wote nchini humo, na Sheria ya Mageuzi ya Elimu ya 1988 ikawawekea ruzuku yao maalumu. Baadaye ruzuku za jamii ndogo ziliunganishwa, na kuanzia 2011 zikatumbukizwa katika bajeti ya jumla ya shule, kila shule ikaachiwa iamue yenyewe. Walimu waliokuwa wakifuata familia zinazohama walipungua sana katika halmashauri nyingi. Kinachohusu Nyanza katika habari hii ni jambo moja: Uingereza ilikubali, angalau kwa miaka arobaini, kwamba mtoto anayehama anagharimu zaidi kumfundisha, na gharama hiyo ni ya serikali.

Kenya ilikubali hivyo kwa wafugaji. Mwaka 1971 serikali ilifuta karo ya shule za msingi katika wilaya kame za kaskazini, na katika miaka iliyofuata ikajenga shule za bweni za gharama nafuu ili mtoto abaki shuleni wakati mifugo inahama. Wavuvi hawakuingizwa. Ziwa lilionekana kuwa eneo la mvua na chakula, na anayeishi kando ya maji hakudhaniwa kuwa mhamaji.

Nyanza ilipata nafuu yake pamoja na nchi nzima. Agizo la Rais Kenyatta la Desemba 1973 lilifuta karo ya darasa la kwanza hadi la nne, na idadi ya wanafunzi wa msingi nchini ikaruka kutoka takriban milioni 1.8 hadi milioni 2.8 katika mwaka mmoja. Serikali haikuongeza fedha za kutosha za madarasa, kwa hiyo kamati za shule zikaanzisha mchango wa majengo, mara nyingine mkubwa kuliko karo iliyofutwa, na watoto wengi wakarudi nyumbani. Shule za sekondari za harambee zilijengwa kando ya ghuba kwa jasho la wazazi. Harambee iliwafaa waliokaa mahali pamoja: mchango ulitolewa kijijini, jiwe la msingi likawekwa kijijini, na mtoto wa mgeni aliyekuja kuvua kwa miezi mitano hakuwa na mzazi kwenye orodha ya waliochanga. Sera ya kugawana gharama ya mwaka 1988 ilimaliza kilichobaki cha elimu ya bure.

Na katika miaka hiyohiyo uvuvi wenyewe ulikuwa ukigeuka. Mbuta, samaki aliyetiwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, alizagaa katika miaka ya 1980 na kuvuta viwanda vya minofu, malori ya barafu na maelfu ya vijana. Omena, dagaa wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa za karabai, wakawa riziki ya familia maskini zaidi. Fuo zilizokuwa na vibanda vichache, kama Sori, Luanda Kotieno, Wichlum, Usenge na visiwa vya Remba na Ringiti, zikawa vijiji vya mabati vilivyojaa watu kutoka kila upande wa ziwa. Wavuvi wa pwani ya bahari wana neno kwa maisha ya namna hii, dago, kambi ya mvuvi aliye mbali na kwao. Tofauti ni kwamba dago la ziwani limechukua wake na watoto pamoja nalo.

Kalenda ya omena haipatani na kalenda ya shule. Omena huvuliwa gizani. Mwezi ukikaribia kupevuka mashua hupumzika kwa siku kadhaa, kisha kazi inarudi kwa nguvu. Zaidi ya hapo, serikali hufunga uvuvi wa omena kila mwaka kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai ili samaki wazaane. Muhula wa pili wa shule kwa kawaida huangukia hapohapo. Kwa miezi minne familia inayotegemea omena haina kipato, na ndiyo miezi ambayo shule inadai fedha za chakula, mtihani na sare. Baadhi hurudi Siaya, Busia au Migori walikotoka. Wengine hufuata mbuta kwenye ufuo mwingine. Mwanafunzi huondoka Aprili na kurudi Agosti, au harudi kabisa. Anayebaki naye huvutwa na ufuo: mvulana anayesaidia kupakua mashua alfajiri analipwa papo hapo, na msichana anahitajika kuanika omena kabla jua halijapanda. Ukimwi, ulioipiga Nyanza vibaya kuliko mkoa mwingine wowote wa Kenya katika miaka ya 1990, uliwaacha wengi wa watoto hawa mikononi mwa bibi, shangazi au ndugu mkubwa ambaye mwenyewe bado alikuwa mtoto.

Serikali ya Mwai Kibaki ilirudisha elimu ya msingi bila malipo Januari 2003. Wanafunzi nchini waliongezeka kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Safari hii fedha ziliwekewa hesabu kwa kichwa: shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, shilingi 650 za vitabu na vifaa katika akaunti moja na shilingi 370 za matumizi ya jumla katika nyingine. Mwaka 2008 ukafuata mgao wa sekondari za kutwa wa shilingi 10,265, uliopandishwa hadi 22,244 mwaka 2018. Huu ulikuwa mpango wa haki kuliko wote uliotangulia. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Mnubi wa Kibos, wa Msuba wa Mfangano, wa mfanyabiashara Mhindi na wa mkulima wa Nyando walikuwa na thamani moja katika vitabu vya Wizara ya Elimu.

Lakini mgao sawa si msaada sawa. Shule ya kisiwani husafirisha vitabu, saruji na chakula kwa mashua, na shilingi yake hununua kidogo. Shule yenye watoto 120 hupata fedha kidogo kuliko yenye 900, ilhali zote zinahitaji paa, mlinzi na choo. Mgao wa sekondari ya kutwa haumsaidii sana mtoto ambaye shule iliyo karibu naye iko ng'ambo ya maji, kwa sababu hawezi kurudi nyumbani kila jioni. Anahitaji bweni, na bweni hulipiwa na mzazi. Walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu katika maeneo ya Suba hupewa marupurupu ya mazingira magumu, jambo la maana, lakini marupurupu hayo humfikia mwalimu aliyekwisha kukubali kwenda huko. Pengo la asiyekwenda hujazwa na walimu wa bodi, wanaolipwa na wazazi walewale ambao kipato chao hukatika Aprili.

Kasoro kubwa zaidi ni ya uhamaji. Fedha hutumwa kwa mihula, sehemu kubwa ikitoka mwanzoni mwa mwaka, kwa idadi ya wanafunzi walioandikishwa. Tangu Wizara ilipoanza kutumia mfumo wa kidijitali wa NEMIS mwaka 2017, kila mwanafunzi anahitaji nambari yake, na kwa muda mrefu nambari hiyo ilitegemea cheti cha kuzaliwa. Anapohama, shule aliyotoka sharti imwachilie kwenye mfumo kabla shule anayoingia haijampokea. Mtoto aliyezaliwa ufuoni bila hati, au aliyeondoka Wichlum Machi na kufika Sori Mei, anaweza kukaa darasani muhula mzima huku fedha zake zikiwa zimekwisha kupelekwa kwingine au hazijatumwa kabisa. Mwalimu mkuu aliyempokea amefanya wema kwa hasara ya shule yake. Si ajabu wengine husita.

Basari hazikurekebisha hali hiyo. Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2003 ikiwa na asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali, imesomesha maelfu ya vijana wa Nyanza, na serikali za kaunti zikaongeza basari zao baada ya 2013. Fomu za basari huombwa katika eneo bunge na kuthibitishwa na chifu anayeijua familia. Mvuvi mwenye asili ya Bondo anayeishi Suba Kaskazini ni mgeni machoni pa chifu wa hapo na amesahauliwa na chifu wa kwao. Tatizo ni lile lile la hifadhi za kikoloni, ingawa hakuna aliyelikusudia.

Katiba ya 2010 iliahidi zaidi. Ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Ibara ya 56 inaitaka serikali iweke mipango ya kuzipa jamii ndogo na makundi yaliyotengwa nafasi maalumu katika elimu, na kukuza lugha zao. Ibara ya 204 iliunda Hazina ya Usawazishaji yenye asilimia 0.5 ya mapato ya taifa. Ukisoma ibara hiyo ya mwisho kwa makini, utaona kwamba huduma zinazotajwa kwa jina ni maji, barabara, afya na umeme, na shule haikutajwa. Sera ya kwanza ya Tume ya Ugavi wa Mapato, ya mwaka 2013, iligawa hazina hiyo kwa kaunti 14, na hakuna hata moja iliyo kando ya Ziwa Viktoria. Sera ya pili, ya 2018, ilishuka hadi maeneo madogo 1,424 yaliyotapakaa katika kaunti 34. Huo ulikuwa mwelekeo sahihi, kwa sababu wastani wa kaunti huficha kisiwa.

Ibara ya 260, inayoeleza maana ya jamii iliyotengwa, inawataja wawindaji na wafugaji, wawe wanahama au wametulia. Wavuvi hawamo kwa jina. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliunda Baraza la Kitaifa la Elimu ya Wahamaji, NACONEK, na kazi zake kwa sehemu kubwa zimeelekea kaskazini kame na kwenye vitongoji duni vya miji. Obunga na Manyatta za Kisumu zinaweza kufikiwa kwa njia hiyo ya pili. Ufuo wa Remba hauko kaskazini wala mjini.

Wanubi walitafuta haki mahakamani. Machi 2011, Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kesi iliyoletwa kwa niaba ya watoto wa Kinubi wa Kenya, ikawa uamuzi wake wa kwanza kuwahi kutolewa katika shauri la malalamiko. Kamati ilikuta kwamba Kenya ilikiuka haki ya watoto hao ya kuwa na uraia tangu kuzaliwa, na kwamba kutokana na ukiukaji huo walinyimwa pia haki za afya na elimu. Uamuzi huo una maana kubwa kwa hesabu ya fedha: ulitambua kwamba mtoto asiye na hati hukosa shule hata pale ambapo hakuna anayemfukuza. Sensa ya 2009 ilikuwa imewahesabu Wanubi kama jamii, watu 15,463. Ile ya 2019 iliwakuta 21,319. Kutambuliwa huko hakukuwalinda wa Kibos. Februari 2021, wakati wa kafyu ya korona, nyumba zao zilibomolewa usiku kwa ajili ya ardhi ya reli, na maelfu wakabaki nje, wanafunzi wakiwamo, mwezi mmoja tu baada ya shule kufunguliwa kufuatia kufungwa kwa miezi kadhaa. Ziwa nalo lilikuwa limepanda Mei 2020 hadi kimo ambacho hakikuwa kimerekodiwa hadi wakati huo, likafurika fuo na vijiji vya Nyando na Nyakach na kuwahamisha wakazi wake.

Habari ya Wasuba ina upande wa matumaini. Wilaya ya Suba iliundwa katika miaka ya 1990, na katika muongo huo Olusuba kikaanza kufundishwa katika baadhi ya shule za visiwani na bara yake. Vitabu vilikuwa vichache na walimu wanaoijua lugha walizidi kuzeeka, maana sera ya lugha ya eneo ilikubali kifundishwe lakini bajeti haikukiwekea fungu. Kazi iliyobaki ilifanywa na watu wenyewe: redio ya jamii ya Ekialo Kiona, EK FM, ilianza kurusha matangazo ya Olusuba kutoka Mfangano, na watoto wakasikia lugha ya bibi zao hewani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 157,787 waliojitaja kuwa Wasuba. Wanaoisema lugha ni wachache kuliko hao, lakini jamii inayojitaja ina msingi wa kudai.

Kinachodaiwa si kikubwa. Mgao wa mwanafunzi ukimfuata katikati ya muhula anapoandikishwa ufuo mwingine. Shule za visiwani zikipewa nyongeza ya usafiri na ya bweni. Usajili wa kuzaliwa ukifanyika ufuoni kupitia kamati za usimamizi wa fuo (BMU), ambazo tangu kanuni za 2007 zina orodha ya kila mvuvi na kila mashua. Na basari ya dharura ikitolewa kati ya Aprili na Julai, sehemu kubwa ya pengo itazibwa bila kugusa Katiba. NACONEK tayari ina mamlaka juu ya elimu ya wahamaji. Wizara ya Elimu na wabunge wa Suba, Bondo, Budalang'i na Nyatike wanapaswa kuhakikisha kwamba mvuvi wa omena ameandikwa miongoni mwa wahamaji hao.